Halali na Saa Zake

Chukua nanasi bivu, limenye, lisage pamoja na kipande cha tangawizi, chuja, kisha ponda majani machache ya mnanaa uyatie humo na maji ya ndimu. Hakuna mwanazuoni wa madhehebu yoyote atakayekukataza kunywa. Jagi hilo hilo liache mezani siku mbili katika joto la Dar es Salaam: povu litapanda ukingoni, harufu itageuka, na ulimi utawashwa kidogo. Hakuna mkono ulioongeza kitu. Basi haramu imepitia wapi?

Naona haikuwamo katika tunda, wala haiji kwa jina. Imo katika hali ambayo kinywaji kimefikia, na kwa hiyo halali ni jambo la kuangaliwa, si cheo cha kudumu. Qurani, katika Sura An-Nahl aya ya 67, inataja matunda ya mitende na mizabibu kuwa watu hupata humo kileo na pia riziki njema. Mti ni ule ule. Katika Sahih Muslim, Ibn Abbas anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa maji yake siku ile, ya pili, na ya tatu hadi jioni, yaliyobaki wakanyweshwa wengine au yakamwagwa. Zabibu hazikubadilika, saa ndizo zilizosogea. Hata lugha yetu inalijua hilo: hamira ya maandazi na khamri ya walevi ni za shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kufunika. Na Umar bin Khattab, alipoieleza khamri juu ya mimbari, alitaja zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akaipima kwa kile inachoifanyia akili.

Atasema mtu: kwa mwendo huo hatutabaki na cha kunywa, maana hata ndizi iliyoiva kupita kiasi ina chembe ya alkoholi. Pingamizi hili limevaa kanzu ya uchaji, ila mizani yake ni mbovu. Kanuni ni kwamba kinacholevya kikiwa kingi, kidogo chake pia ni haramu; na kwa ndizi halewi mtu hata ale mkungu mzima, tumbo litamshinda kwanza. Zito zaidi ni lile la upande wa pili. Abu Hanifa aliitenga khamri ya zabibu na baadhi ya vinywaji vingine, akaviruhusu hivyo kwa kiasi kisicholevya. Kwa nini tusumbuke na nanasi? Si hoja ya kupuuzwa eti kwa sababu pwani yetu ni ya Kishafi. Lakini inamwachia mnywaji mwenyewe apime amefika wapi, na mlevi hajawahi kuwa shahidi mzuri wa ulevi wake.

Friji nayo haijalimaliza swali, imeliahirisha tu. Zile siku tatu hazikuwa muhula wa mkataba: joto, sukari na chombo kisichosuguliwa vizuri huzifupisha. Kwa hiyo wewe unayeandaa futari, lifunue jagi la jana ulinuse kabla ya kummiminia mgeni. Likiwa na povu na harufu imegeuka, mwaga.