Aliyeingia Bila Hodi

Baiskeli ya mtoto imelazwa kwenye nyasi mbele ya nyumba. Majambazi watatu waliotoroka gerezani wanapita na gari, wanaiona, na papo hapo wanajua wamepata walichokuwa wakikitafuta. Nyumba ya tajiri haiwahusu. Wanataka nyumba yenye mtoto, maana mzazi ambaye mwanawe yuko mbele ya bastola hathubutu hata kukohoa. Ndivyo nyumba inavyochaguliwa katika The Desperate Hours, filamu ya William Wyler ya mwaka 1955, iliyotokana na riwaya ya taharuki ambayo Mmarekani Joseph Hayes aliichapisha mwaka 1954.

Baba wa nyumba hiyo, Dan Hilliard wa Indianapolis, hana lolote la ajabu. Ana mke, binti aliyekwisha kuwa mtu mzima, na mvulana mdogo mwenye baiskeli. Kinachomkaba msomaji koo ni pale majambazi wanapomruhusu aende kazini kama kawaida huku mkewe akibaki nao nyumbani. Anatoka asubuhi, anasalimiwa, anaitikia, na neno moja tu ambalo lingeweza kumwokoa ndilo asiloweza kulitamka.

Kwa nini mtu atoe fedha yake kununua hofu ya namna hii?

Aristotle alilitafakari jambo hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alipoandika juu ya tanzia. Kwa maoni yake, tunamhurumia mtu aliyepatwa na balaa asilostahili, na tunaogopa pale anayepatwa anapofanana nasi. Hapo ndipo siri ya familia ya kawaida ilipo. Mfalme akivamiwa, msomaji hufungua macho. Akivamiwa mtu mwenye baiskeli uani, msomaji huinuka kwenda kuangalia kama mlango wake umefungwa.

Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyesomea Carthage, hakuridhika na maelezo mepesi. Katika Maungamo yake anakumbuka alivyokuwa akipenda michezo ya kuigiza ujanani, na anajiuliza inakuwaje mtu afurahie kuhuzunishwa na mambo ambayo mwenyewe asingependa yampate. Kisha anagusa palipo na kidonda: mtazamaji haitwi kusaidia, anaitwa kusikitika tu. Huruma isiyodaiwa kitendo inaweza kugeuka anasa. Shtaka hilo ni zito, na kila mpenzi wa riwaya za taharuki anapaswa kulijibu.

Sehemu ya jibu imo katika neno ambalo Mswahili hulitumia kila siku bila kulifikiria: hodi. Anayefika hubaki nje mpaka aitikiwe karibu. Kurani, katika Sura An-Nur, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na inaongeza kwamba wakiambiwa warudi, warudi. Mafundisho ya Mtume yanaweka idadi: mara tatu, usipoitikiwa nenda zako. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inamwamuru hata mdai anayefuata rehani asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee. Mtu ana haki ya deni lake, lakini kizingiti hakimo katika deni hilo.

Riwaya ya familia iliyo hatarini ni kisa cha aliyeingia bila hodi, ndiyo maana inatutetemesha kuliko visa vya vita. Lakini je, hodi inahusu mlango peke yake? Yaliyotokea ndani nayo yana mlango?

Swali hilo liliwahi kufika mahakamani. Mnamo Septemba 1952, wafungwa watatu watoro waliingia katika nyumba ya mke na mume wenye watoto 5 huko Whitemarsh, Pennsylvania, wakawashika mateka kwa saa 19. Hawakumpiga mtu wala kumtukana. Baba mwenyewe aliwaeleza waandishi wa habari kwamba walitendewa kwa adabu. Baadaye familia ikahamia Connecticut, na baba akawa anayakataa maombi ya waliotaka waendelee kusimulia. Kwa lugha yetu, hodi ilipigwa na wenyewe wakajibu: hapana, rudini.

Hayes aliandika riwaya yake akichanganya mambo ya matukio kadhaa ya aina hiyo. Akaihamishia Indianapolis, akawapa watu wake majina mengine, akapunguza watoto wakawa wawili, akatia vipigo na matusi ambayo familia ya Whitemarsh haikuyapata. Wapo watakaoita huo uongo. Kwa kweli ni sitara. Kadiri mwandishi alivyobuni, ndivyo familia halisi ilivyobaki nyuma ya pazia.

Pazia lilifunuliwa Februari 1955. Riwaya ilikuwa imegeuzwa mchezo wa jukwaani, na jarida la Life likawachukua waigizaji mpaka kwenye nyumba ileile ya Whitemarsh, likawapiga picha humo na kuwaambia wasomaji kwamba mchezo huo ulikuwa ukionyesha yaliyoisibu familia hiyo, iliyotajwa kwa jina. Picha moja ilionyesha binti akimng'ata jambazi mkono ili aangushe bastola. Tukio hilo halikutokea kamwe.

Familia ikashtaki. Mahakama za New York ziliipa fidia, ambayo mwishowe ilisimama kwenye dola 30,000. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako familia ilitetewa na wakili Richard Nixon, yule aliyekuja kuwa rais. Januari 1967 mahakama iliitengua fidia hiyo: katika habari zenye maslahi kwa umma, anayelalamika athibitishe kwamba mwandishi alijua anasema uongo au hakujali kabisa kama ni kweli. Hofu ya majaji ilikuwa kwamba kila kosa dogo likiadhibiwa, magazeti yatanyamaza. Hofu hiyo ina msingi, na nchi nyingi zimeona gharama ya magazeti kunyamazishwa.

Hata hivyo sheria ilipima uongo na nia ya mwandishi peke yake. Dini inapima zaidi. Mtume alipoulizwa ghiba ni nini, alifundisha kwamba ni kumtaja nduguyo kwa jambo asilolipenda, hata likiwa kweli. Likiwa si kweli, huo ni uzushi, na dhambi yake ni nyingine. Kwa kipimo hicho Life lilikosa mara mbili: lilizua, na lilirudi kwenye mlango ambao lilikuwa limekwisha kufungiwa. Hayes hakukosa, na anayeisoma riwaya yake usiku kucha moyo ukimdunda hana la kutubu, kwa sababu hofu anayoionja haijaporwa kwa mtu aliye hai.

Siku hizi Life si gazeti tena. Ni simu iliyo mkononi. Msomaji atakayeletewa leo video ya jirani aliyevamiwa, watoto wakilia, mama akiwa na nguo ya kulalia, asiitume kwa mwingine kabla ya kujiuliza kama wenye nyumba hiyo wameitikia karibu.