Mwenye Dau Kuwa Shahidi

Je, mtu aliyekwisha kuweka dau juu ya jambo, au aliyelipwa kwa siri alisemee, aweza kuwa shahidi wa jambo hilo?

Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2024, kwenye soko moja tu, Polymarket, ziliwekwa dola zaidi ya bilioni 3 kubahatisha nani atakuwa raisi. Uharamu wa kamari hauna mjadala baina yetu; tuuache. Lakini mwenye dau akisimama kutabiri, atabiri au atangaza bidhaa yake?

Septemba mwaka huo serikali ya huko iliwashitaki watumishi wawili wa RT, shirika la khabari la Urusi, kwamba walipitisha karibu dola milioni 10 kwa kampuni ya Tennessee ili wasemaji wa mitandaoni walipwe. Wasemaji hawakushitakiwa, baadhi yao walisema walidanganywa. Na wawe wakweli. Ila mmoja, kwa hati ya mashitaka, alikubaliana dola 400,000 kila mwezi. Mvuvi wetu akipewa hizo kwa kikapu cha dagaa atauliza kuna nini!

Kadhi huikataa shahada ya mwenye kujivutia nafuu, wala hamwiti mwongo: aona tu ya kuwa kauli na fungu havitengeki. Nasi tuyachukuao maneno ya wasemaji hao hadi barazani kwetu, tumeuliza nani awalipa?