Nani Azibe Ufa wa Nduwa?

Mvua haishtakiwi. Hata hivyo, inapobomoa ukuta wa bwawa la watu wengi, swali la kwanza huwa ni nani mwenye kosa, na asipopatikana kila mtu hurudi nyumbani na jembe lake. Je, mtu aweza kuwa na wajibu wa kutengeneza kitu ambacho hakukiharibu?

Ukitoka Rau, hapa Moshi, ukashika njia ya kupanda Uru, utapita kwenye migomba na kahawa, na humo utakuta mifereji ambayo Wachaga huiita mifongo. Baadhi yake huingia kwenye nduwa, yaani bwawa la kukusanya maji ya usiku, ambalo hufunguliwa asubuhi ili maji yaende kwa nguvu na kufika mbali. Ukuta wake ni wa udongo na mawe, umeinuliwa upande wa bondeni.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo huujaribu ukuta huo. Maji hufurika juu yake na kuumega; mizizi na mashimo ya fuko huyafungulia njia kwa ndani. Ufa wa juu ndio unaotisha macho, lakini hatari kubwa iko chini, kwani kadiri kina kinavyozidi ndivyo maji yanavyosukuma zaidi. Kwa hiyo fundi wa kweli hapaki matope juu ya ufa akaenda zake. Huyatoa maji, huondoa udongo uliolegea mpaka afikie mgumu, hukata vidato ili udongo mpya ushikane na wa zamani, kisha hushindilia udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka kwa tabaka. Halafu hujaza maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, huku akitazama upande wa nje. Saruji ni ya haraka, lakini juu ya udongo ambao haujatulia hupasuka, na kabla ya kupasuka huficha.

Desturi yasema anayetumia maji ndiye aje kazini. Asiyekuja hutozwa faini au hunyimwa zamu. Ni desturi nzuri, nayo imeitunza mifongo kwa vizazi. Lakini imeufanya wajibu kuwa bei ya maji. Basi nilimsikia mtu akisema, "Nimeng'oa kahawa yangu, maji siyataki tena, mniache," na wenzake wakakosa la kumjibu.

Ndugu msomaji, itazame nyumba iliyo chini ya nduwa. Anayeishi humo huenda hapati hata ndoo moja. Ukuta ukipasuka usiku, maji hayatamwuliza kama ana zamu. Mvua imebomoa, ni kweli, lakini si mvua iliyoyaweka maji yale juu ya kitanda chake. Tuliyaweka sisi, na yule aliyeng'oa kahawa aliyanywesha mashamba yake miaka mingi. Ana haki ya kujitoa, ila kwanza aache ukuta mzima au bwawa tupu.

Wapo pia walioko Dar es Salaam wanaotuma fedha badala ya jembe. Sioni ubaya, fedha hununua mawe na chakula cha wafanyakazi. Lakini fedha haijui shimo la fuko liko wapi.

Wala tusidhani kwamba ujenzi wa kisasa ungelimaliza jambo hili. Kule tambarare, skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ilijengewa banio la saruji. Wakulima wa juu ya mto walipoanza nao kulima mpunga, maji yaliwapungukia wa skimu. Wa juu na wa chini walibaki vilevile kama kwenye nduwa.

Nimewahi kusikia ikipendekezwa kwamba jirani wa bondeni naye aitwe kuchimba, maadamu ukuta unamlinda. Nilipinga, na bado napinga. Aitwe kukagua. Yeye ndiye anayeuona upande wa nje kila asubuhi, na siku atakayosema pana unyevu, nduwa ifunguliwe siku hiyo hiyo, kikao kifuate baadaye.