Kupima Bila Kugusa

Katika Kiswahili, pima ni tendo na pia ni kiasi. Ukiinyoosha mikono yako miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, umbali wa kutoka ncha za vidole vya huku hadi ncha za vidole vya kule ni pima moja. Chini ya pima ipo dhiraa, ambayo ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Na chini ya dhiraa ipo shibiri, yaani kiganja kilichotanuliwa kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Vipimo hivi vyote vimetolewa mwilini. Aliyepima kitambaa kwa dhiraa alikishika, akajua pamoja na urefu wake kama ni kizito au chepesi. Baharia aliyetaka kujua kina cha maji aliteremsha bildi, ile risasi iliyofungwa kamba, na mabaharia wa bahari nyingi waliipaka shahamu kwa chini ili irudi na chembe za mchanga au tope. Kwa watu hao kupima na kugusa vilikuwa jambo moja.

Leo vimeachana. Mita, ambayo hadi 1960 ilikuwa ni ufito wa madini uliohifadhiwa Ufaransa, tangu 1983 imefasiliwa kwa nuru: ni umbali unaokwendwa na nuru katika ombwe kwa muda wa sehemu moja kati ya sehemu 299,792,458 za sekunde. Na katika maabara ambamo ndege, injini na vyombo vya anga hujaribiwa, wataalamu hupendelea, kila inapowezekana, kupima bila kugusa. Hupeleka mwali wa leza kwenye bawa linalotetemeka au kwenye panga la injini linalozunguka, wakausoma mwali unaorejea. Jambo hili linastahili kutazamwa na watu wasiokuwa mafundi, kwa sababu ndani yake limo swali la kimaadili: je, anayekijua kitu bila kukigusa ameepukana na dhima juu ya kitu hicho?

Tuanze kwa insafu, tuwape mafundi haki yao. Kugusa kuna hasara zake. Mwaka 1732 Mfaransa Henri Pitot aliupima mwendo wa mto Seine kwa mrija uliopindwa, mdomo wake ukiuelekea mkondo. Kadiri maji yalivyokwenda kasi ndivyo yalivyopanda ndani ya mrija. Mrija wa jamaa hiyo ungali unatumika katika ndege mpaka hivi leo kupima mwendo wa hewa. Walakin mrija ulioingizwa katika mkondo huukata mkondo, na kilichokusudiwa kujulikana hubadilika kwa sababu ya kule kutaka kukijua. Tena mrija wenyewe unaweza kuziba. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris iliingia katika chembe za barafu, mirija yake ikaziba kwa muda mfupi, vipimo vya mwendo vikahitilafiana, na mtambo wa kujiendesha ukajizima. Marubani hawakufanikiwa kuirudisha ndege katika hali yake. Watu 228 walikufa. Mrija haukuwa sababu pekee, lakini ndiko mkasa ulikoanzia. Basi asidhani mtu kwamba hamu ya kupima bila kugusa ni anasa ya wasomi.

Njia ilifunguka tarehe 16 Mei 1960, pale Theodore Maiman, katika maabara moja ya California, alipopata kwa mara ya kwanza mwali wa leza kutoka katika kijiti cha yakuti nyekundu. Nuru ya taa ya kawaida hutawanyika, na mawimbi yake yamechanganyika. Nuru ya leza huenda kwa mstari mwembamba na mawimbi yake hufuata mpango mmoja. Kwa sababu hiyo, likitokea badiliko dogo katika mwali unaorejea, badiliko hilo linaweza kutambuliwa. Mwaka 1964 Yeh na Cummins wa Chuo Kikuu cha Columbia waliupima kwa leza mwendo wa maji yaliyokuwa yakipita katika mrija. Baadaye ikaenea njia ya kuikutanisha miali miwili mahali pamoja, ikafanya mistari ya mwanga na kiza iliyopangana. Chembe inayopita hapo humetameta kila inapovuka mstari wa mwanga. Ukizihesabu metameta hizo kwa sekunde umejua mwendo wa chembe, wala hakuna mrija uliotiwa katika mkondo.

Nimesema mwendo wa chembe. Sikusema mwendo wa maji wala wa upepo. Hapa ndipo penye fundo la kwanza. Maji yale ya mwaka 1964 yalitiwa vijidonge vidogo sana vya plastiki. Katika mahandaki ya upepo, yaani njia ndefu ambamo hewa huvumishwa kwa mashine ili kujaribu umbo la ndege, hutiwa moshi au manyunyu ya mafuta, kwani hewa safi hupitisha mwali bila ya kurudisha kitu kinachotosha kusomwa. Kwa hiyo mpimaji huyatia mafuta katika upepo, kisha akayapima mafuta, kisha akaamini kwamba upepo umekwenda kama yalivyokwenda mafuta. Mara nyingi imani hiyo ni sahihi, kwa kuwa matone yamefanywa madogo mno hata yaufuate upepo kwa utiifu. Hata hivyo ni imani, na ina masharti yake. Kugusa hakukuondoka, kumekabidhiwa matone.

Kuna waliojaribu kwenda mbele zaidi. Tarehe 22 Agosti 2018 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha satelaiti ya Aeolus, iliyoupima upepo wa dunia kutoka urefu wa kilomita 320 hivi kwa leza ya miali isiyoonekana kwa macho. Hiyo haikuhitaji kutia moshi. Ilizisoma molekuli zenyewe za hewa pamoja na vumbi na mawingu yaliyokuwamo. Tangu Januari 2020 vipimo vyake vikaingizwa katika utabiri wa hali ya hewa wa kituo cha Ulaya, hadi satelaiti hiyo ilipomaliza kazi yake mwaka 2023. Huo ni ugusaji mwepesi kuliko yote niliyoyataja. Je, ni mwepesi hata ukawa si kitu?

Fizikia yenyewe inajibu kwamba sivyo. Mwaka 1901 Pyotr Lebedev wa Moscow alitangaza majaribio yaliyothibitisha kwamba nuru inapoangukia kitu hukisukuma. Msukumo huo ni mdogo mno, na katika maisha ya kila siku hatuna haja nao. Lakini kuna mahali ambapo hauwezi kupuuzwa. Nchini Marekani viko vituo viwili vya LIGO, kimoja Washington na kimoja Louisiana, kila kimoja kina mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, na miali ya leza hupita humo kati ya vioo vyenye uzito wa kilo 40 vilivyotundikwa kwa nyuzi za kioo. Tarehe 14 Septemba 2015 vituo hivyo vilihisi wimbi la mvutano lililotokana na mashimo meusi mawili yaliyoungana zamani za kale, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni moja. Badiliko la urefu lilikuwa sehemu ndogo sana ya upana wa protoni moja. Na wataalamu hao hao mwaka 2020 walionyesha kwamba mitikisiko isiyoepukika ya nuru yao wenyewe huvitikisa vile vioo vya kilo 40. Waliofikia upole wa mwisho katika kupima ndio walioweza kuuhesabu mkono wao wenyewe. Hawakusema, “Sisi hatugusi.” Walisema, “Tunagusa kiasi hiki.”

Sisi tunaofasiri mashairi tunayo sababu ya kulielewa neno hilo. Mfasiri anayedai kwamba hakuligusa shairi la watu, amelipitisha tu kama kioo kinavyopitisha mwanga, huwa hakutazama mikono yake. Mfasiri mwaminifu hujua pale alipopoteza kina na pale alipoongeza neno kwa haja ya mizani, na akiulizwa anaweza kueleza. Uaminifu wake umo katika hesabu hiyo.

Mfano wa mwezi unatufikisha kwenye fundo la pili. Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini sahani yenye prizimu 100 ambazo huirudisha nuru kule kule ilikotoka. Safari za Apollo 14 na 15 mwaka 1971 ziliongeza nyingine, na magari mawili ya Urusi ya Kisovieti yalichukua vioo vilivyotengenezwa Ufaransa. Tangu hapo vituo vya duniani hupeleka mwali, na baada ya sekunde mbili na nusu hivi hupokea marejeo. Mwali ukifika mwezini umekwisha kutanuka kilomita kadhaa. Katika kila mpigo hutumwa chembe za nuru kwa mamia ya mamilioni ya mabilioni, na pengine hurejea moja tu. Kwa moja hiyo na nyingine zilizokusanywa kwa miaka, tunajua kwamba mwezi hujitenga nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Hicho ni kipimo cha mbali kisicho na mkono ndani yake, lakini mkono ulitangulia: ilibidi mtu aende kwanza, akanyage, aweke kioo. Na kilichowezesha elimu hiyo si ukali wa mwali. Ni kwamba kilichopimwa kilipewa njia ya kujibu.

Sasa tuitazame nuru hiyo hiyo mahali pengine. Mwaka 1968, miaka minane tu baada ya kijiti cha yakuti cha Maiman, Marekani ilianza kutumia katika vita vya Vietnam mabomu yanayoongozwa kwa leza. Ndege huelekeza mwali kwenye shabaha, nuru hurejea, na bomu huifuata nuru iliyorejea hadi ilikotoka. Daraja la Thanh Hoa, lililoshambuliwa tangu 1965 likakataa kuanguka, liliangushwa kwa mabomu hayo Mei 1972. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Walisema kweli kwa zama zao. Leo ipo fimbo ya mbali inayoua, na kanuni yake haikutofautiana na ile ya kuupima mwezi: peleka mwali, ungoje jibu. Tofauti ni kwamba hapa jibu la kitu hutumika kukiangamiza, na aliyeuliza hayupo karibu kuona.

Atasema mtu: hayo ni makosa ya nia, si ya kipimo, kisu hakilaumiwi. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Mwaka 2010 mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alilipima kanisa la Notre-Dame la Paris kwa leza, akapata nukta zaidi ya bilioni moja bila kukwaruza jiwe hata moja. Tarehe 15 Aprili 2019 paa la kanisa hilo liliungua. Tallon alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, lakini vipimo vyake vilikuwa miongoni mwa vilivyowasaidia mafundi walioliinua tena, likafunguliwa Desemba 2024. Elimu iliyochukuliwa kwa mbali ilikuwa amana, na siku ya haja ikarudishwa kwa mwenyewe. Nia basi ina uzito wake.

Nusu ninayoikataa ni hii: umbali hauko kando ya nia, huilegeza. Aliyepima kwa dhiraa alilazimika kusimama mbele ya mwenye kitambaa. Aliye mbali halazimiki kumjua mtu yeyote. Tangu mwishoni mwa 2018 chombo kiitwacho GEDI kimewekwa katika kituo cha kimataifa cha angani kupima kwa leza urefu wa miti, hasa misitu ya nchi za joto, na ya Afrika yetu imo. Kazi hiyo ni njema, na matokeo yake yametolewa bure kwa kila atakaye. Lakini mkulima anayeishi kando ya msitu hakujua kwamba umepimwa, na akijulishwa hatakuta maelezo kwa lugha aisomayo. Hakudhulumiwa kwa kipimo, amenyimwa marejeo. Kazi hiyo iliyobaki hakuna leza itakayoifanya. Ni ya walimu, wahariri na wafasiri, nasi tumo.

Husemwa pia kwamba macho hayana pazia, na mara nyingi neno hilo hutolewa kuwa udhuru wa mwenye kutazama. Ni kweli kwamba macho hayana pazia. Ndiyo maana mwenye macho akatakiwa awe na adabu. Kadiri macho yetu yanavyoona mbali zaidi, ndivyo adabu hiyo inavyohitajika zaidi, kwa kuwa kile kitazamwacho hakina tena njia ya kujikinga wala ya kujua kwamba kimetazamwa.

Jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba dhima haikuondoka pamoja na mguso. Mpimaji wa mbali ana deni la hesabu mbili: aeleze mwali wake umefanya nini kwa kile alichokipima, hata kama ni kidogo kama kutikisika kwa kioo, na aeleze ni kipi katika alichokijua kitakachorudi kwa aliyepimwa. Baharia wa bildi alilipa hesabu ya kwanza bila kuambiwa, maana kamba ilikuwa mkononi mwake na aliisikia inapogonga chini. Mwali wa nuru hauna uzito mkononi. Kwa hiyo aliyeushika hana budi kujiuliza mwenyewe, kila mara, umegonga wapi.