Matokeo ni ya nani?

Mwanza imezoea kutafitiwa. Mwaka 1995 utafiti uliofanyika katika jamii 12 za mkoa huu ulionyesha kuwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia ikasoma. Je, waliotoa damu zao walisikia kabla ya dunia?

Swali hilo lilinijia Capri Point, wanafunzi wa udaktari walipowasilisha utafiti wao wa likizo kuhusu kichocho mbele ya klabu ya huduma kwa jamii. Wanachama waliuliza maswali mazuri, na mmoja akaahidi kuchangia choo cha shule. Sina ugomvi nao; Rotary, kwa mfano, inapambana na polio tangu 1985. Lakini kila nukta kwenye grafu ilikuwa kikopo cha choo kubwa, alicholeta mtoto wa mwaloni akikificha kwa aibu nyuma ya daftari. Nilipouliza watarudi lini kule, nilijibiwa kwamba mrejesho haukuwa kwenye bajeti.

Mtoto alipewa prazikwanteli, ni kweli. Dawa hiyo huua minyoo iliyomo mwilini. Haimkingi akirudi kuchota maji penye konokono. Kwake matokeo si suala la adabu tu, ni nusu ya tiba.

Eti wanakijiji hawaelewi takwimu. Mvuvi wa Igombe, anayehesabu siku za giza ili avue dagaa, ashindwe kuelewa "watoto sita kati ya kumi"? Mpeni saa moja chini ya mti, halafu jiandaeni kwa maswali yake.