Kipande Kabla ya Jasho

Sisi Wakenya tunapenda sana kupima watu kwa jumla. Hawa wanajua biashara, wale wanajua kulima, wengine ni wavivu tangu enzi za babu zao. Panda matatu ya kwenda Eastleigh na hutakosa abiria wa kuuliza, "Hawa Wasomali pesa wanatoa wapi?" Shuka pwani ya kusini uambiwe kwamba Mmakonde ni fundi wa kuzaliwa, mpe gogo la mpingo akupe kinyago, lakini mambo ya pesa hayawezi. Tunayasema kwa mzaha, tunacheka, tunashuka kituoni. Ila ndani ya mzaha huo kuna imani nzito: kwamba hali ya jamii hutokana na tabia yake. Aliyenacho amekitolea jasho, na asiyenacho basi kuna kitu anakosea.

Hebu tuijaribu imani hiyo kwa kulinganisha jamii mbili zilizoingia Kenya kutoka nje: Wamakonde wa Kwale na Wasomali wa kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa. Wageni hawa hawafanani kwa dini, wala kwa lugha, wala kwa sababu iliyowaleta. Swali ni moja tu, na ni la kimaadili kuliko la kiuchumi: mgeni anapokaa kwetu miaka thelathini au sitini na bado hana kitu, tumhukumu nani? Yeye, au sisi?

Tuanze Kwale. Wamakonde walitoka Msumbiji, wakati huo ikiwa chini ya Wareno, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani, yakiwemo yale ya Ramisi. Kazi zilipopungua, wao walibaki. Wakachonga, wakalima, wakazaa. Watoto wao walizaliwa Kenya na wajukuu wao vilevile, lakini familia nzima inaweza kupita vizazi vitatu bila mtu hata mmoja mwenye kitambulisho. Na wewe unayesoma hapa kwenye simu unajua maana yake. Bila kipande hufungui akaunti ya benki. Hununui shamba kwa jina lako. Huandikwi kazi rasmi, hupigi kura. Hata laini ya simu unasajiliwa na jirani, kwa hiyo pesa zako za M-Pesa, kisheria, ni zake. Mkigombana, pole sana.

Oktoba 2016 Wamakonde walichoka kungoja. Walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai watambuliwe. Serikali ikaamuru wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Sasa fikiria siku iliyofuata. Mmakonde ameamka akiwa na kipande mfukoni. Mikono yake ni ileile ya jana, akili ni ileile, patasi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba leo anaweza kuingia benki. Ikiwa maisha ya mwanawe yatakuwa bora, hatutasema Wamakonde wameacha uvivu. Tutasema mlango umefunguliwa.

Tupande sasa kaskazini mashariki. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na watu wakaanza kuvuka mpaka kwa makundi. Kambi tatu zikajengwa kuzunguka mji mdogo wa Dadaab: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na vita vilipokutana, watu walikaribia nusu milioni. Leo bado kuna zaidi ya laki tatu, wakiwemo akina mama waliozaliwa kambini na ambao sasa wanalea watoto wao humohumo.

Anayedhani watu hao wamekaa tu wakisubiri mgao, aende soko la Hagadera. Kuna maduka ya nguo, ya simu, ya vyakula, kuna maziwa ya ngamia, kuna hawala za kupokea pesa kutoka ng'ambo. Wanawake wana ayuto, chama cha mzunguko kama vile mama zetu wanavyochanga mtaani, mmoja akipokea leo na mwingine mwezi ujao. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2010 ulikadiria kwamba wenyeji wa eneo hilo hupata faida ya takriban dola milioni 14 kwa mwaka kwa sababu ya kambi hizo. Hao si watu wasiojua kazi.

Lakini biashara ya Hagadera hukua mpaka mahali fulani, kisha hugonga ukuta usioonekana. Mfanyabiashara hawezi kuamka akaenda Nairobi kuchagua mali mwenyewe, kwa sababu kwa miaka mingi mkimbizi amehitaji kibali cha kutoka kambini. Mwalimu mkimbizi anaweza kufundisha somo lilelile analofundisha Mkenya wa darasa la pili, lakini Mkenya hulipwa mshahara na yeye hupewa kile kinachoitwa posho, ambayo ni sehemu ndogo tu ya mshahara huo. Chaki ni ileile na jua ni lilelile, malipo ndiyo mbalimbali.

Kuna atakayesema, "Sawa, lakini utamaduni pia una nguvu. Mbona Wasomali wameijenga Eastleigh na wengine hawajaijenga?" Hoja hiyo ina uzito. Kuaminiana kwa ukoo, mkopo unaotolewa kwa neno tu bila karatasi, ayuto, yote hayo ni mtaji. Ila angalia vizuri, mfano wenyewe unaigeukia hoja. Tuseme kuna ndugu watatu, mama mmoja, waliovuka mpaka mwaka 1991. Mmoja alifika Eastleigh akapata karatasi. Mmoja alipelekwa Minneapolis na mpango wa kuwahamisha wakimbizi. Wa tatu alibaki Ifo. Wa kwanza leo anauza nguo kwa jumla, wa pili anaendesha lori na analipia nyumba yake, wa tatu anahesabu siku za mgao. Ukoo ni mmoja, dini moja, malezi yaleyale. Kama tabia ingekuwa ndiyo sababu, watatu hao wangefanana. Tofauti yao imeandikwa kwenye karatasi.

Watu wa Dadaab wenyewe wana neno la hali hii: buufis, ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomshika mtu hadi akashindwa kuishi mahali alipo. Ni rahisi kuicheka. Lakini mtu anapojua kwamba jasho lake litamfikisha ukutani tu, huku ndugu yake aliyepanda ndege akimtumia pesa kila mwezi, hamu hiyo inakuwa hesabu sahihi kabisa. Januari 2017 Rais wa Marekani alipotia saini amri ya kuwazuia watu wa nchi saba, Somalia ikiwemo, familia zilizongoja miaka zilirudishwa kwenye mstari wa kungoja. Asad Hussein, mwandishi aliyezaliwa Dadaab na aliyefika hadi Chuo Kikuu cha Princeton, ni ushahidi wa akili zilizomo kambini. Kila anaposifiwa kama mtu wa ajabu, mimi hujiuliza ni wangapi wa aina yake ambao hawakupata mlango.

Basi kwa nini Mmakonde alifunguliwa na wa Dadaab hakufunguliwa? Tuwe wakweli, kesi zao hazilingani kisheria. Mmakonde hakuwa na nchi nyingine ya kudai. Mkimbizi wa Kisomali anayo, japo haikaliki, na wapo wanaotamani kurudi. Lakini hiyo si sababu yote. Wamakonde ni wachache. Washona, waliotoka Zimbabwe na waliopewa uraia mwaka 2021, hawakufika hata 2,000. Kuwapokea hakukumnyima mtu usingizi. Msomali ni mwingi, anapakana nasi, na tuna historia naye. Kuna vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, kuna mwaka 1989 ambapo raia wa Kenya wa asili ya Kisomali walipangwa foleni kuchunguzwa upya kama ni Wakenya kweli. Kuna pia kilio cha kweli: tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri wa msomaji wa ukurasa huu.

Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Aliyempoteza dada yake Garissa hahitaji somo la uchumi. Ila hofu nayo lazima iulizwe inamwelekea nani. Mmoja wa washambuliaji wa siku ile alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Mandera. Alikuwa raia. Mwaka uliofuata, serikali ikitaja usalama, ilitangaza kuifunga Dadaab, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema kuifunga hivyo ni kinyume cha Katiba. Tunapomwadhibu bibi wa Dagahaley kwa kosa la mtoto wa chifu, tumeacha kulinda usalama na tumeanza kulipiza kisasi kwa aliye karibu.

Na kama bado unaamini kwamba karatasi ni jambo dogo, njoo Garissa kwenyewe nikuonyeshe kundi la tatu, ambalo si wageni hata kidogo. Mkoa huu umezoea kusahaulika hadi wazee wengine wakisafiri kwenda Nairobi husema, "Naenda Kenya." Wasomali wa ng'ambo ya mpaka nao humtania Msomali wa Kenya kwa kumwita "Sijui", neno alilolisikia kwenye Kiswahili chake. Upande huu anaambiwa si Mkenya kamili, upande ule anaambiwa si Msomali kamili. Ukame ulipoua mifugo, wazazi wengi raia, wenye vipande vyao, waliona kambini kuna unga, kuna maji, kuna zahanati na shule. Wakaenda. Wakapanga foleni na watoto wao, wakaweka vidole, wakaandikishwa kuwa wakimbizi.

Watoto wale walikua. Walipofika miaka kumi na minane wakaenda kuomba kitambulisho, mashine ikasoma alama za vidole ikasema: wewe ni mkimbizi. Makumi ya maelfu ya watu walinaswa hivyo. Raia katika nchi ya wazazi wake, hawezi kuajiriwa, hawezi kujiunga na chuo kwa mkopo, hawezi kupita kizuizi cha daraja la Tana pale polisi anapoingia kwenye basi na kusema neno moja, "Kipande."

Je, wazazi wale walidanganya? Ndiyo, walidanganya. Uongo haubadiliki jina kwa sababu ya njaa. Lakini haki inapima pia ukubwa wa adhabu na nani anayeibeba. Mtoto wa miaka minne hakudanganya mtu, kidole chake kilishikwa na mama kikawekwa. Na kuna swali kubwa zaidi, ambalo huwa halimfikii afisa wa kaunta: ni nchi ya namna gani ambayo raia wake anapiga hesabu akaona kuwa mkimbizi kuna faida kuliko kuwa raia? Kabla ya kumuuliza mzazi kwa nini aliingia foleni ile, tuulize kwa nini upande wa pili hapakuwa na foleni yoyote ya kuingia.

Hapa kuna mtego wa watu wema, na lazima tuuruke. Tunapowatetea wageni tunapenda kusema, "Wana faida, wanaleta biashara, angalia dola milioni 14." Hata mimi nimeitumia hesabu hiyo hapo juu. Lakini ikiwa haki ya mtu inategemea faida yake, basi kipofu wa Ifo hana haki, na Mmakonde mzee ambaye mikono yake sasa inatetemeka anapaswa kurudisha kipande chake. Faida ni jibu kwa anayesema wageni ni mzigo. Haiwezi kuwa msingi wa utu wao.

Mambo yanasogea, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Februari 2025, Rais akiwa Wajir, alitangaza kuondoa msasa wa ziada waliokuwa wakipitishwa vijana wa kaunti za mpakani wanapoomba vitambulisho. Machi mwaka huohuo ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe miji ya wenyeji na wakimbizi pamoja. Mwaka huohuo pia mgao wa chakula ulipunguzwa kwa kukosa fedha. Mtu wa Dadaab anaambiwa ajitegemee wakati ambapo kamba ya kumfunga bado haijafunguliwa yote.

Neno kipande lenyewe lina historia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza alimlazimisha mwanamume Mwafrika katika nchi hii kuvaa karatasi yake shingoni, ndani ya kijaluba cha chuma, ili ajulikane anaruhusiwa kuwa wapi na anamfanyia nani kazi. Babu zetu walilichukia jambo lile kwa sababu walijua mtu hapimwi hivyo. Sisi tumeurithi mfumo, na sasa tunausimamia wenyewe pale darajani Garissa.

Kwa hiyo mwenzako kwenye matatu akianza tena, Wasomali hivi, Wamakonde vile, usibishane naye kuhusu tabia. Muulize mambo matatu kuhusu hao anaowalinganisha: wanaruhusiwa kwenda wapi, wanaruhusiwa kumiliki nini, na kwa kazi ileile wanalipwa kiasi gani. Siku majibu yatakapokuwa sawa kwa wote, hapo tutaweza kukaa chini tuzungumze kuhusu jasho.