Sombe Bila Nyama

Huko Zürich, Uswisi, kuna nyumba ya chakula iitwayo Hiltl. Tangu 1898 inauza vyakula visivyo na nyama, na wageni hutoka mbali kwenda kuionja ajabu hiyo.

Ajabu? Kaa kwenye benchi ya malewa hapa Kindu, karibu na mto Lualaba. Mama atakuuliza tu: bugali ao wali? Kisha anakupakulia sombe inayong'aa mawese, na madesu pembeni. Nyama haipo, wala hakuna aliyeitaja.

Sombe hiyo, majani ya muhogo, ina kazi, jamani. Jani bichi la muhogo hubeba sumu ya sianidi. Mchi unapoliponda kinuni, sumu inafunguka. Moto wa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, unaipeleka hewani. Kwa hiyo mama anayeharakisha sombe mimi simwamini, hata akinipunguzia bei.

Wali nao una safari yake. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika huku kwetu Maniema, na mpunga ukalimwa pande za Nyangwe na Kasongo. Walifuata pembe za ndovu na watumwa, tuseme wazi. Wakaacha wali, wakaacha na lugha hii ninayowasemesha.

Nilipokuja studio alfajiri hii, vinu vya njiani vilikuwa vimeshaanza. Mchana najua pa kukaa.